Uhuru na Uungwana: Ugeni wa Frere Town katika Historia ya Nathari ya Kiswahili

Utangulizi

Historia ya nathari ya Kiswahili aghalabu huanzia kwenye maandishi ya wamishenari, ikapitia tafsiri za riwaya za Kiingereza, kisha ikamfikia Shaaban Robert. Katikati ya safari hiyo hutajwa kitabu kimoja kidogo, Uhuru wa Watumwa cha James Juma Mbotela, kilichochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Hutajwa kwa sentensi mbili tatu, kisha huachwa. Sababu ya kuachwa si ngumu kuiona. Kitabu kinawasifu Waingereza kwa kuikomesha biashara ya watumwa, kinawalaumu Waarabu, na hakiuhoji utawala wa kikoloni uliokuwapo wakati kilipoandikwa. Kwa msomaji wa baada ya uhuru wa kisiasa, sifa hizo zinatosha kukifanya kitabu kionekane kuwa sauti ya mkoloni iliyotiwa kinywani mwa Mwafrika.

Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, na makala haya hayakusudii kuipinga. Yanakusudia kuonyesha kwamba haitoshi. Kitabu cha Mbotela kilitoka katika jamii ya pekee: watu waliotekwa bara, wakapitishwa baharini, na kutuliwa Kisauni, upande wa bara wa Mombasa, katika kijiji cha misheni kilichoitwa Frere Town. Watu hao walikuwa wageni katika nchi waliyoambiwa kuwa ni yao. Hoja ya makala haya ni kuwa tofauti za kimila walizozikuta Kisauni ndizo zilizoyapa maneno mawili, uhuru na uungwana, uzito wake katika maandishi ya kizazi chao, na kwamba bila ya kuifahamu historia hiyo mhakiki hawezi kukisoma kitabu hicho kwa haki.

Mji Uliojua Kupokea Wageni

Ni kosa kudhani kuwa Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa jamii moja isiyozoea watu wa nje. Mji wenyewe ulijengwa na wageni, na haukuficha jambo hilo. Waswahili wa Mombasa walijihesabu kuwa Taifa Kumi na Mbili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe; katika Tisa Taifa wamo Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Washaka, Wafaza na Wapate. Msomaji hahitaji ramani kubwa kutambua kwamba majina mengi kati ya hayo ni majina ya mahali. Shaka, Faza na Pate ni miji ya kaskazini. Jina la Changamwe, ambalo leo humkumbusha mtu viwanda na kituo cha reli, ni jina la taifa mojawapo la kale. Kila jina ni kumbukumbu ya safari, na kila taifa ni ushahidi kwamba mgeni wa jana alikwisha kuwa mwenyeji.

Lakini njia ya kutoka ugenini hadi uenyejini ilikuwa na masharti yake. Mtu aliingia kwa ndoa, kwa dini ya Kiislamu, kwa kuwa chini ya mkubwa aliyemdhamini, na kwa muda. Methali isemayo kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haimfukuzi mgeni; inampa nafasi katika kazi ya nyumba, na kwa hiyo inampa nafasi katika nyumba yenyewe.

Hata watumwa walipangwa kwa kipimo hicho hicho. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, yaani asiyejua lugha wala adabu za pwani. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na heshima yake ilikuwa kubwa zaidi ingawa wote wawili walikuwa na mabwana. Juu yao alikuwapo mwungwana, neno lenye maana mbili zisizotengana: mtu huru, na mtu mwenye adabu njema. Ndiyo kusema kuwa tofauti za kimila hazikuwa jambo la kustaajabiwa tu na anayefika. Zilikuwa mizani ya kumpimia. Jinsi mtu alivyosalimu, alivyokula, alivyovaa na alivyoyatamka maneno ndivyo alivyojulikana daraja yake. Mgeni wa Kisauni alifika penye mizani hiyo bila ya kuulizwa kama anaitaka.

Kurudi au Kuhamia?

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, baada ya shinikizo la Waingereza lililoanzishwa na ujumbe wa Sir Bartle Frere na kukamilishwa na balozi John Kirk. Mkataba ulizua swali jipya: watu wanaokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza wapelekwe wapi? Kabla ya hapo wengi walikuwa wakipelekwa Bombay. Kaskazini-mashariki ya mji huo, katika kijiji cha Sharanpur karibu na Nasik, Church Missionary Society ilikuwa na makao ambamo watoto wa Kiafrika walifundishwa dini, kusoma na kuandika, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Mwaka 1874 William Salter Price, aliyewahi kusimamia kazi ya Nasik, alitumwa Mombasa. Mwaka uliofuata kikapatikana kiwanja Kisauni, ng'ambo ya maji kutoka mjini, na kijiji kikapewa jina la Frere.

Wakazi wa kijiji walikuwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliolelewa India kisha wakavushwa bahari mara ya pili. Baadhi yao walitangulia Frere Town kwa miaka kumi: William Jones na Ishmael Semler walipelekwa Rabai mwaka 1864 kumsaidia Johannes Rebmann. Kundi la pili ni wale waliotolewa majahazini moja kwa moja, ambao wenyeji waliwaita mateka. Miongoni mwao walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua na watu wa mataifa mengine ya kusini.

Wafadhili wa mpango huo walilizungumzia jambo hili kama kurudi: Mwafrika anarudi Afrika. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Mtoto wa Kiyao aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa, akalelewa Nasik, kisha akashushwa Kisauni, hakuwa amerudi popote. Baina ya Kisauni na kwao palikuwa na safari ya miezi, na njia hiyo hiyo ndiyo waliyopita wateka watu. Lugha ya Kimvita hakuijua, au aliijua kidogo. Makaya ya Wamijikenda waliomzunguka hayakuwa makaya ya mababu zake. Kwa mtu huyo Mombasa ilikuwa nchi ya kigeni kama Bombay ilivyokuwa, na tofauti pekee ni kwamba Bombay hakuna aliyemtazamia ajione nyumbani.

Umbali huo unaonekana vizuri katika maisha ya watu wachache wanaojulikana. Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa Nasik, alikuwa katika msafara uliobeba maiti ya David Livingstone kutoka bara hadi pwani; tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, London. William Jones alipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwezi Mei 1885, akafuatana naye katika safari ya Buganda, na Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo, Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia kurudi Rabai. Waliingia wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno Ichabod, ambalo katika Biblia humaanisha kuwa utukufu umeondoka. Mwafrika wa kusini, aliyelelewa India, anabeba neno la Kiebrania kwa herufi za Kizungu na kuingia nalo katika kijiji cha Warabai. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa mtu ambaye alama zake zote za maana amezipata njiani.

Kengele, Siku na Rupia

Yapo mambo ambayo hayakuwa mageni kwa Waafrika wa Bombay, na inafaa kuyataja ili picha isiwe ya upande mmoja. Sokoni Mombasa rupia ilikuwa ikipokewa. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwapo. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kupokea maneno kutoka lugha za India. Gari, chapati, laki, hundi na bima ni baadhi yake. Bahari ya Hindi ilikuwa imeziunganisha pwani mbili kabla ya misheni kuzaliwa, na mtu aliyejua bei na mizani ya Bombay hakupotea dukani Mombasa.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa katika wakati. Kwa desturi ya pwani siku huanza machweo. Usiku wa kuamkia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa. Saa huhesabiwa tangu mapambazuko, na siku hugawanywa kwa sala tano. Kijiji cha misheni kilikuwa na kengele yake. Iliita watu kazini, shuleni na kanisani, na inakumbukwa pia kuwa ilipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Kengele hiyo imeacha jina lake kwenye ardhi: hadi leo njia panda iliyo karibu na mahali iliposimama huitwa Kengeleni, na wengi wanaopita hapo kwenda Kongowea au Nyali hulitamka jina hilo bila ya kufikiri asili yake.

Hata hivyo kengele haikuishinda lugha. Mkristo wa Frere Town alipumzika siku ya kwanza ya juma kwa hesabu ya kanisa lake, lakini alipotaka kuitaja siku hiyo kwa Kiswahili alisema Jumapili, yaani siku ya pili tangu juma la Waislamu lianze kuhesabiwa upya baada ya Ijumaa. Ibada yake ilikuwa ya Kiingereza kwa asili, na jina la siku ya ibada lilikuwa la wenyeji aliotengwa nao. Waliotafsiri Biblia na vitabu vya sala hawakulibadilisha. Mintarafu ya utamaduni, jambo hili dogo lina uzito kuliko mahubiri mengi: linaonyesha kwamba mgeni anaweza kuepuka dini, mavazi na ndoa za wenyeji, lakini akishaipokea lugha yao amekwisha kuipokea kalenda yao pamoja na sehemu ya fikra zao.

Na lugha hiyo hawakuweza kuiepuka. Wayao, Wamakua na Wanyasa hawakuwa na lugha moja ya kusemezana. Waafrika wa Bombay walijua Kiingereza na lugha za India. Kiswahili kikawa lugha ya uwanja, kisha ya jikoni, kisha ya watoto. Frere Town ikawa miongoni mwa jamii za kwanza katika pwani ya Kenya ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani ya watu wasiokuwa Waislamu. Hali kadhalika, misheni ya Mombasa ilikuwa mahali pa kazi kubwa ya lugha: kamusi ya Ludwig Krapf, ambaye alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844, ilitolewa mwaka 1882, na W. E. Taylor alichapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili mwaka 1891. Kazi hizo zilifanywa kwa misingi ya Kimvita, lugha ya mji wa ng'ambo.

Majina, Mavazi na Daraja

Kijijini penyewe palikuwa na madaraja. Juu walikuwapo wamishenari wa Kizungu. Chini yao Waafrika wa Bombay, walimu, mafundi na wakalimani, waliozoea nguo za kushonwa, vitabu na mshahara. Chini kabisa mateka, waliopewa vijishamba na kazi. Waafrika wa Bombay walilalamikia hadhi na mishahara yao, kwa kuwa elimu waliyopewa iliwafundisha kujiona sawa na waliokuwa wakiwaamuru. Mateka nao walijua kuwa uhuru wa kijijini ulikuwa na fimbo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari za viboko na vifungo vilivyotolewa na msimamizi wa kijiji zilizua lawama hadi Uingereza. Ukweli huu unaeleza jambo ambalo wahakiki hawakulizingatia vya kutosha: aliyefika Frere Town hakukutana na utamaduni mmoja mgeni, bali na mitatu kwa mpigo, wa Wazungu, wa wenziwe waliotoka India, na wa pwani.

Majina yalibeba mvutano huo. Matthew Wellington, aliyeishi Mombasa hadi kufa kwake mwaka 1935, alizaliwa akaitwa Chengwimbe. Wainwright, Jones na David ni majina yasiyoeleza chochote juu ya walikozaliwa waliokuwa nayo. Katika jamii ambayo jina la taifa lilikuwa ndiyo hati ya uenyeji, jina la aina hiyo lilimtangaza mtu kuwa hana wa kumdai. Jina la mwandishi wa Uhuru wa Watumwa lenyewe laweza kusomwa kama muhtasari wa historia hii. James ni jina la ubatizo. Juma ni jina la pwani, linalotokana na siku tukufu ya Waislamu. Mbotela ni jina la ukoo uliotoka bara, miongoni mwa Wayao. Majina matatu yamekaa pamoja katika mtu mmoja, na hakuna lililofuta jingine.

Mavazi nayo yalikuwa lugha. Mjini Mombasa kofia, kanzu na viatu havikuwa vitu vya kila mtu, na mwanamke wa kiungwana alijulikana kwa kujisitiri. Margaret Strobel, katika utafiti wake wa 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi watumwa na wazalia wao walivyoingia polepole katika sherehe na vyama vya mji. Hiyo ndiyo njia iliyokuwa wazi kwa aliyeachwa huru ndani ya mji: kuvaa, kusali na kucheza ngoma pamoja na wenyeji mpaka asili yake isahaulike, au angalau isitajwe mbele yake. Mateka wa Frere Town walichukua njia nyingine. Uhuru wao ulitokana na mkataba, manowari na misheni, wala haukupitia kwa bwana aliyemwacha mtumwa wake huru mbele ya mashahidi. Kwa hiyo walikuwa huru kisheria bila ya kuwa waungwana machoni pa majirani.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Rabai siku ya mwaka mpya 1889, pale George Mackenzie wa Imperial British East Africa Company alipowalipa fidia wenye watumwa ili watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia kwenye vituo vya misheni wapewe hati za uhuru. Fred Morton, katika kitabu chake cha 1990 Children of Ham, ameeleza kwa kirefu jinsi watoro na mateka walivyojipigania wenyewe badala ya kungoja kuokolewa. Lakini hati ni karatasi. Uhuru unaweza kuandikwa na kutiwa muhuri. Uungwana hauandikwi, hutolewa na majirani kidogo kidogo, na wanaweza kuunyima.

Kukisoma Upya Kitabu cha Mbotela

Kwa mwanga huo, Uhuru wa Watumwa kinaonekana kwa sura nyingine. Kitabu kinasimulia kutekwa, kupelekwa pwani, kupakiwa jahazini, kuokolewa na kutuliwa Frere Town, kwa kutegemea kumbukumbu za kizazi cha baba wa mwandishi. Kiliandikwa mnamo wakati ambapo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikisimamia Kiswahili cha vitabu, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Mzaliwa wa Kisauni aliyekua akikisikia Kimvita aliandika katika zama ambazo hata lugha aliyoirithi ugenini ilikuwa ikipewa mizani mpya kutoka mahali pengine.

Sifa wanazopewa Waingereza kitabuni zinaweza kuelezwa bila ya kusamehewa. Taifa la pwani lilijieleza kwa nasaba na mahali pa asili. Jamii ya Frere Town haikuwa na nasaba moja wala asili moja. Tukio pekee walilokuwa nalo kwa pamoja ni kule kutolewa jahazini. Wokovu ukachukua nafasi ya nasaba. Manowari ya Kiingereza katika kitabu hicho inafanya kazi ambayo katika tarihi za miji ya pwani hufanywa na majahazi ya mababu waanzilishi: inaeleza watu hawa walitoka wapi na kwa nini wako pamoja. Kwa maana hiyo Uhuru wa Watumwa ni tarihi, na fani yake iko karibu na utaratibu wa usimulizi wa pwani kuliko inavyodhaniwa, ingawa maudhui yake yanaigeuzia pwani hiyo mgongo.

Udhaifu wa kitabu uko hapo hapo. Ili wokovu uwe kamili, ilibidi mwokozi asiwe na doa na wenyeji wa mji wawe upande wa giza. Fimbo ya kijijini, malalamiko ya Waafrika wa Bombay, na kadiri mateka walivyoishi, wakafanya biashara na kusemezana na majirani wao Waislamu na Wamijikenda, hayana mahali katika hadithi ya namna hiyo. Kichwa cha kitabu chenyewe kinaonyesha mkwamo huo. Watu ambao habari inahusu uhuru wao bado wanaitwa watumwa. Methali ya Kiswahili inasema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Kwa wale ambao utumwa wenyewe ndio uliowanyang'anya mila, methali hiyo ni hukumu isiyo na rufani, na kitabu cha Mbotela kinaweza kusomwa kama jitihada ya kutafuta jibu: kwamba aliyepokonywa mila anaweza kujitengenezea nyingine na bado akawa mtu huru.

Jibu kamili zaidi halikutolewa katika kitabu. Lilitolewa redioni, na mtu wa ukoo huo huo. Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 akiwa mwana wa James Mbotela, alianzisha katika Sauti ya Kenya kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoendelea kwa miongo kadhaa, na sauti yake ilijulikana nchini kote hadi alipofariki mwezi Februari 2025. Kipindi kilizungumzia tabia za kila siku: adabu njiani, nyumbani, mbele ya wageni na wakubwa. Neno lililokuwa limewatenga mateka na wenyeji wao lilikuwa sasa mikononi mwa mjukuu wa mateka, naye ndiye aliyekuwa akiliuliza taifa zima kama mwenendo wake unastahili jina hilo. Kwa namna alivyolitumia, uungwana haukuhitaji nasaba. Methali nyingine ya pwani ilikuwa imesema zamani kuwa uungwana ni vitendo; wageni wa Kisauni waliichukua methali hiyo kwa maana yake halisi.

Hitimisho

Mjadala wa Mswahili ni nani, ambao Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff waliuchambua kwa kina mwaka 1994, umekuwa na athari kubwa katika uhakiki wa fasihi. Panapotafutwa Kiswahili cha asili, Frere Town huonekana kuwa pembeni, kijiji cha misheni cha watu wasio na taifa. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kuwa upembeni huo ndio unaokipa kitabu cha Mbotela thamani. Nathari ya Kiswahili nchini Kenya haikuzaliwa kwa waliokuwa na uhakika wa kwao tu. Sehemu yake ilizaliwa kwa watu waliolazimika kujifunza, wakiwa watu wazima au watoto wasio na wazazi, saa zinahesabiwaje, siku zinaitwaje, na nani huitwa mwungwana.

Kitabu hicho kinastahili kuingizwa katika mitaala ya historia ya fasihi, si ili kisifiwe, bali kisomwe pamoja na yale kinayoyanyamazia. Barua na shajara za akina Jones, Semler na Wainwright, ambazo nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, zingefaa kusomwa sambamba nacho. Hapo ndipo itakapowezekana kuona uhuru uliotolewa kwa hati, na uungwana uliotafutwa kwa miaka mingi ng'ambo ya maji, vilivyokutana na vilivyokosana katika lugha moja.